Damari, Mkunga Tuliyemkataza Kugusa Watoto

Wazee wetu shikamooni, mchungaji wetu, sheikh wetu, majirani na wageni wote mliosafiri kutoka Itigi, Manyoni na Singida Mjini, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ninayesimama hapa naitwa Urbano Mghenyi, mdogo wake marehemu Simoni Mghenyi, kwa hiyo huyu tunayemsindikiza leo, Alhamisi tarehe 17 Juni 2004, alikuwa shemeji yangu kwa miaka thelathini na saba na ushee. Familia imenikabidhi kazi ya kusoma historia ya maisha yake, haikunikabidhi kwa urahisi, na sababu mtaisikia humu humu ndani, naomba tu mnivumilie, kwa kuwa niliyoandika ni marefu kuliko yanayosomwa kwa kawaida, na mengine si mazuri kusikika mbele ya jeneza.

Marehemu Damari alizaliwa tarehe 3 Mei 1948 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, Itigi, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto tisa wa Mzee Chediel, aliyekuwa akitengeneza njia ya treni, na mkewe Rakeli. Kati ya hao tisa waliokua ni watano, na marehemu alikuwa akituambia kwamba utotoni mwake alidhani kila nyumba ndivyo ilivyo, wengine wanakaa mezani na wengine wanakaa makaburini, wala hakumbuki kumsikia mtu mzima yeyote akiuliza kwa nini.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1957 hapo hapo Itigi, akamaliza darasa la nne mwaka 1960, akafaulu kuendelea, lakini shule ya kati ilikuwa ya bweni na ilikuwa mbali, na baba yake alikuwa na wavulana wawili wa kuwapeleka kwanza, kwa hiyo akarudi nyumbani kulima mihogo na karanga. Kusoma hakuacha, alisoma karatasi za gazeti zilizofungiwa sukari, alisoma maandishi ya kwenye magunia, na mimi niliyefika darasa la nane nakiri kwamba mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu mpaka mwisho.

Tarehe 8 Oktoba 1966, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na kaka yangu Simoni katika kanisa la Itigi, wakaja kuishi kwetu kwenye mji wa zamani, upande wa vichakani, mpaka mwaka 1974 tulipohamishwa wote kuja hapa Mitundu wakati wa Operesheni Vijiji. Walijaliwa watoto watano, nao nitawataja wote watano, hata wale wawili ambao kwa desturi yetu huwa hatuwataji.

Mtoto wa kwanza, wa kiume, alizaliwa nyumbani tarehe 12 Novemba 1967, akalia kwa nguvu, akanyonya vizuri, na mama yetu mzazi, aliyempenda mjukuu huyo kuliko alivyotupenda sisi aliotuzaa, akampaka kitovuni udongo laini wa ukutani uliochanganywa na samli, kama alivyofanyiwa yeye na kama alivyotufanyia sisi, na siku ya saba mtoto akakaza taya, hakuweza tena kushika titi, mwili ukajipinda, akafa kabla hajapewa jina, maana kwetu jina lilikuwa likisubiri kitovu kidondoke. Mtoto wa pili, wa kike, alizaliwa tarehe 20 Julai 1969, katika ule upepo wa baridi mnaoujua, akalazwa chini mpaka kondo la nyuma litoke, likachelewa, halafu akaogeshwa maji ya mtungini ili wageni wamkute msafi, maziwa ya mwanzo yakakamuliwa na kumwagwa kwa sababu yalikuwa ya njano na yalionekana machafu, akapewa maji ya sukari, siku ya tatu akawa wa baridi mwili mzima, akafa bila kelele. Watu walisema mke wa Simoni ana mkosi, wengine walimtaja jirani mmoja mwanamke kwamba ndiye anayewala watoto, na yule jirani alihama, sijui alikofia.

Baada ya hapo kaka yangu alikataa mkewe kuzalia nyumbani, akawa anampeleka hospitali ya misheni kwa baiskeli mimba ikifika miezi minane, anangoja huko huko, na ndivyo walivyopatikana Anselm mwaka 1971, Manase mwaka 1974 na Perpetua mwaka 1978, hawa watatu mnaowaona wamekaa mbele.

Sasa naingia kwenye kazi yake, na ndipo penye historia yenyewe.

Mwezi Agosti mwaka 1985 mkutano wa kijiji ulimchagua Damari kwenda kusomea ukunga wa jadi katika hospitali ile ile ya misheni, wiki tatu, wanawake kumi na wawili kutoka vijiji mbalimbali. Siku ya nne, alivyonisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, muuguzi aliyekuwa akiwafundisha alishika mtoto wa kitambaa, akawauliza, "Nani kati yenu amewahi kuona kichanga anakaza taya siku ya sita au ya saba, anashindwa kunyonya?" Wanawake kumi na mmoja waliinua mikono, Damari naye akainua, na yule muuguzi akawaambia kwamba ugonjwa huo unaitwa pepopunda, hauletwi na mtu wala na ndege, unaingia kupitia kitovu, kwa udongo, kwa samadi, kwa masizi, kwa wembe mchafu, na kwamba sindano anazochomwa mama akiwa mjamzito na wembe mpya na kitovu kikavu kisichopakwa kitu chochote vinatosha kuuzuia. Damari alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za wodi mpaka kipindi kikaisha, na hakula siku hiyo.

Aliporudi alimwambia mumewe, "Baba Anselm, watoto wetu hawakurogwa. Tuliwaua kwa mikono iliyowapenda."

Kaka yangu akamwuliza, "Utamwambia mama?"

Akasema, "Simwambii. Mama yule ana miaka sabini. Nikimwambia nitakuwa nimempa mzigo ambao hawezi kuutua kwa mtu." Na hakumwambia, aliishi naye nyumba moja, akamnywesha uji, akamwogesha, mpaka mama yetu alipofariki mwaka 1989 akiamini kwamba yule jirani ndiye aliyewala wajukuu wake.

Kuanzia mwaka 1985 mpaka mwaka 1994 Damari alipokea watoto zaidi ya mia mbili katika kijiji hiki na vitongoji vyake, wengine wenu mmekaa hapa na ndevu, na kazi yake haikuwa kupokea tu. Alimfuata kila mwanamke mwenye mimba shambani kwake, akamwuliza kama amekwenda kuchomwa sindano, akamwonyesha namna ya kuchemsha uzi na kuuhifadhi, akamwambia aweke wembe ambao haujafunguliwa na kanga mbili zilizofuliwa na kuanikwa juani, moja ya kumkaushia mtoto na nyingine ya kumfunikia. Alikuwa mkali, wote mnajua, alimfokea bibi mzima mbele ya wajukuu akimkuta anatia maji kwenye beseni mara tu mtoto anapozaliwa. "Maji yana haraka gani? Mtoto ametoka kwenye joto, hajaomba kuoga. Mkaushe, mweke kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, mfunike na kichwa, mpe titi kabla hata jasho la mama halijakauka, hayo maziwa ya njano ndiyo chanjo yake ya kwanza. Kuoga ni kesho." Wako wanawake waliomchukia kwa maneno hayo, wako waliomkimbia na kuzaa kimya kimya, lakini taratibu yale maneno yaliingia, na katika kipindi hicho sisi tuliokuwa tukichimba makaburi madogo tulianza kusahau vipimo vyake.

Mwaka 1991 ule mradi uliokuwa ukimletea mipira ya mikono, nyuzi na sabuni ulifungwa, muuguzi wa kuwakagua hakuja tena, zahanati nayo ikaanza kuwataka wazazi waje na vifaa vyao wenyewe, tukaambiwa ndiyo mabadiliko, kila mtu ajitegemee. Duka la ushirika la kijiji lilikuwa limekufa, na mwaka 1992 ndugu yetu Andrea, ambaye tuko naye hapa na nimemwona akiingia, akafungua duka la dawa katika jengo lile lile, na mimi niliyekuwa mtendaji wa kijiji tangu mwaka 1991 ndiye niliyemkabidhi funguo. Sisemi duka lilikuwa baya, tulipata humo dawa ya malaria bila kwenda Itigi, lakini lilileta na maziwa ya kopo yenye picha ya mtoto mnene, na chupa za kunyonyeshea, na vile vidonge vya rangi mbili, ambavyo akina mama walianza kuelekezwa wavifungue na kunyunyizia unga wake kwenye kitovu cha mtoto ili kikauke upesi. Damari alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia waache, kopo waliache dukani na unga wauache kwenye kidonge chake, na Andrea alimwita akamwuliza kwa nini anamharibia biashara.

Tarehe 2 Machi 1994, Jumatano, Damari alimzalisha Hanifa, mke wa kijana wa Andrea, aliyekuwa ameolewa kutoka Itigi muda mfupi tu na hajawahi kuchomwa sindano hata moja ya pepopunda. Alimpokea mtoto wa kiume mzima, akamkata kitovu kwa wembe mpya alioufungua mbele ya wanawake watatu, akamweka kifuani, akanyonya, akawaachia maneno yake yale yale, kitovu kiachwe kikavu. Siku ya pili mke wangu Yunisi, huyu hapa, alikwenda kutoa hongera, akamkuta mama mwenye nyumba, mke wa Andrea, amefungua vidonge viwili, amechanganya unga wake na masizi ya chungu na mafuta, anampaka mtoto kitovuni huku Hanifa analia kwa woga kwamba mkunga alikataza. Siku ya tatu Damari alipita kumwangalia mzazi, akaona ule weusi, akasema mtoto aoshwe kitovu na apelekwe hospitali siku ile ile pamoja na mama yake, na Andrea akamtoa mlangoni. "Wewe umesoma wiki tatu chini ya mti wa hospitali," alimwambia, "mimi nina leseni ukutani." Mtoto alikaza taya siku ya saba, akafa tarehe 10 Machi.

Jumamosi tarehe 19 Machi 1994 uliitishwa mkutano wa kijiji, watu kama mia mbili, kwenye uwanja wa shule, na Andrea, aliyekuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, akasimama akasema mkunga alitumia wembe wenye kutu na ameua mjukuu wake. Damari alisimama akaeleza yote, alitaja masizi, alitaja unga, akamtazama Hanifa, Hanifa akainamisha kichwa, alikuwa na miaka kumi na minane na anakula kwenye nyumba ile, mimi simlaumu. Halafu mwenyekiti akanigeukia mimi, mwandishi wa mkutano, akaniuliza, "Mtendaji, una la kuongeza?"

Ndugu zangu, Yunisi alikuwa ameniambia. Aliniambia siku ile ile aliyoyaona, tarehe 3 Machi, tukiwa tunapukuchua mahindi, akanitajia mpaka rangi ya kile chungu, na asubuhi ya mkutano akaniambia, "Baba, leo useme." Nilijua kila kitu, na nilijua pia kwamba Andrea anakula na wakubwa wa wilaya, na kwamba kiti changu cha utendaji kinaweza kuondoka kwa neno lake moja. Nikasimama na daftari mkononi, nikamtazama mke wa kaka yangu aliyekuwa akinisubiri, nikasema, "Sina."

Nikaandika kwa mkono wangu uamuzi kwamba Damari mke wa Simoni ni marufuku kuzalisha, na ni marufuku kumgusa mzazi au kichanga ndani ya kijiji hiki, na kwamba akikaidi atapelekwa polisi, nikaenda mwenyewe nyumbani kwao kuchukua mfuko wake wa vifaa, mkasi, beseni, mizani ndogo ya kupimia watoto. Alinipa bila ubishi, aliniuliza jambo moja tu, "Shemeji, umeandika kwamba nisiguse. Umeandika pia kwamba nisiseme?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Haya." Ule mfuko ulikaa kwenye kabati la ofisi mpaka panya wakautoboa, mizani ikachukuliwa na mtu wa kununua nta na asali, na mimi nilimwona akiichukua.

Toka siku hiyo Damari alikuwa anasema. Alisema kwenye foleni ya mashine ya kusaga, alisema kisimani, alisema kwenye mavuno ya alizeti, alisimama hatua tatu mbali na mwanamke mwenye mimba akiwa ameficha mikono nyuma, ili pasiwe na wa kumsingizia, akamwambia, "Nisomee," na yule mwanamke anamsomea, wembe mpya, uzi wa kuchemsha, kausha, kifuani, titi, kitovu kikavu, kuoga kesho, mtoto akikataa kunyonya, akipumua kwa shida, akiwa wa moto au wa baridi, kitovu kikinuka, usisubiri kesho, nenda. Waliokosea aliwarudisha mwanzo. Watu walimcheka, watoto walimwigiza, na wako wanaume waliowakataza wake zao wasisimame naye. Mimi kama mtendaji nilikuwa na daftari la vifo, na kuanzia Machi 1994 mpaka naacha kazi mwaka 2001 nimeandika humo vichanga kumi na wanne ambao hawakufikisha mwezi, siwezi kusema wote wangepona mikononi mwake, hakuna anayeweza kusema hivyo, lakini tisa kati yao mama zao walizaa peke yao au na watu wasiojua lolote, huku mkunga aliyefundishwa akiwa amekaa nyumbani kwake anasikia kilio.

Jumamosi tarehe 24 Januari 1998, wakati wa zile mvua kubwa za El Niño, korongo limejaa na njia ya kwenda zahanati haipitiki, binti yetu Loyce alishikwa na uchungu nyumbani kwangu mchana, mimba ya kwanza, na Yunisi akatuma watu kumwita Damari bila kuniuliza. Alikuja na gunia kichwani kujikinga na mvua, akafika mlangoni kwangu, akasimama.

"Ingia shemeji," nilimwambia.

"Nikiingia," akasema, "na mtoto akafa, utaandika nini?"

Ningeweza kumwambia kwamba karatasi ile ni ya uongo, ningeweza kuichana, ofisi ilikuwa hatua chache kutoka hapo, lakini nilinyamaza, na yeye akabaki pale kizingitini, maji yanamchuruzika mgongoni, akawa anamwongoza Yunisi kwa mdomo tu. Mtoto alitoka, hakulia. Nilisikia sauti ya mke wangu ikisema halii, halii, amelegea, na Damari akaweka mguu mmoja ndani, akaurudisha, akapaza sauti, "Yunisi, usimwinue kwa miguu, usimmwagie maji! Shika kanga kavu, msugue mgongo kwa nguvu, mkaushe kichwa, umemkausha? Itupe hiyo kanga iliyolowa, shika nyingine. Mpanguse mdomo. Msugue tena, usiogope, msugue nyayo!" Alikuwa anasugua hewani kwa mikono yake mwenyewe, nilimwona, mikono inakwenda na hakuna kitu ndani yake. Kisha mtoto akakohoa, akalia. Damari akaendelea, "Kifuani kwa Loyce sasa, wafunikeni wote wawili, kitovu usikate mpaka kiache kudunda, wembe uko wapi?" mpaka kila kitu kikaisha, na alipomaliza aliondoka bila kunawa, kwa kuwa hakuwa amegusa kitu.

Mtoto yule yuko hai, ana miaka sita. Nanyi mtadhani kesho yake nilikwenda ofisini kuifuta ile amri. Sikwenda. Nilijiambia halmashauri lazima ikae, halafu nikajiambia tusubiri mvua ziishe, halafu kilimo, na kaka yangu Simoni alipofariki tarehe 6 Septemba 1999 kwa ugonjwa wa moyo, alikuwa hajazungumza na mimi zaidi ya salamu kwa miaka mitano.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwaka 2002 kwa kutokwa damu, ambako alikuficha, yeye aliyewafukuza wenzake kwenda hospitali hakuwa na wa kumfukuza, mpaka Novemba 2003 Perpetua alipoona nguo na kumpeleka kwa nguvu hospitali ya Singida Mjini, ambako walikuta ni saratani ya shingo ya kizazi na imekwenda mbali. Aliandikiwa barua ya kwenda Dar es Salaam, nasi familia tukakaa vikao vitatu juu ya barua hiyo, na kikao cha nne hakikufanyika. Alirudi hapa Januari 2004, maumivu yalipozidi mwezi Mei akapelekwa hospitali ya misheni, na hapo ndipo alipofariki, Jumatatu tarehe 14 Juni 2004, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na sita.

Mimi nilikwenda kumwona tarehe 22 Mei. Nilimkuta amekonda, macho ni yale yale, Perpetua amekaa kitandani anamkanda miguu. Nikamwambia, "Shemeji, nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Kwa ule mkutano."

"Mkutano ulikuwa na watu wangapi?"

Nikasema, "Kama mia mbili."

"Na hapa tuko wangapi?"

Nikatazama, nikasema, "Tuko watatu."

Akasema, "Basi bado hujaomba," akageuka upande wa ukuta, na hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia.

Ndiyo maana niliwaomba watoto wake wanipe kazi hii, Anselm alikataa mara mbili, na mara ya tatu akasema, "Soma baba mdogo, lakini usome yote." Kwa hiyo mbele ya mwili wake na mbele yenu, mimi Urbano Mghenyi, niliyekuwa mtendaji wa kijiji hiki, natamka kwamba Damari hakuua mtoto wa Hanifa, wembe wake ulikuwa mpya, maneno yake yalikuwa ya kweli, nililijua hilo kabla ya mkutano, na nikakaa kimya ili niendelee kukaa kwenye kiti. Kumbukumbu za mkutano wa tarehe 19 Machi 1994 ni za uongo na mwandishi wa uongo huo ni mimi, na mtendaji wa sasa, ambaye yuko hapa, namwomba aandike hivyo, nitaweka dole gumba na sahihi yangu, vyote viwili. Hanifa, mwanangu, kama uko humu, hukufanya kosa lolote, ulilia kwa sababu ulikuwa umeelewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Singida Mjini na wa misheni, hasa wale waliompa dawa ya maumivu usiku na mchana. Tunawashukuru majirani mliochota maji na kukata kuni tangu Jumatatu, wanakwaya, wachimba kaburi, na wanawake wa mashine ya kusaga waliofunga kazi siku tatu. Tunamshukuru ndugu Andrea kwa kutoa gari lake kuleta mwili kutoka hospitali, tumelipokea kwa sababu gari lingine halikuwepo. Wenzake wa kazi wa kuwashukuru hatuna, wale wanawake kumi na mmoja aliosoma nao hatujui waliko, na ofisi iliyomfundisha haikutuma mtu wala barua.

Ameacha watoto watatu na wajukuu saba, na wajukuu wote saba wako hai.

Shemeji Damari, nimesema mbele ya watu. Sijui kama ulitaka yasemwe ukiwa huwezi kuyasikia, nadhani hukutaka, na hilo siwezi tena kulirekebisha. Wewe lala, upumzike, amani iwe yako. Aibu ni yetu, tutabaki nayo hapa juu.